Kukausha ukuta kabla ya kuujenga

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako. Unauliza ni nani aliyefyatua tofali la udongo la kwanza, na kwa nini hakulichoma, maana huyo mwenye kiwanja unayemsimamia ujenzi ameyaita matofali mabichi kazi ya kimaskini. Nimelilalia swali lako siku mbili. Nilifundisha historia miaka mingi na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo.

Jina la mtu hatulipati, lakini tuna mahali pa kuanzia: Yeriko, hiyo hiyo ya kwenye Biblia, ila maelfu ya miaka kabla ya Yoshua. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita watu walikaa pale penye chemchemi wakajenga nyumba za duara. Matofali waliyafinyanga kwa mikono, moja moja, chini bapa na juu yamevimba kama mgongo, wakayaanika juani. Kathleen Kenyon, Mwingereza aliyechimba pale kuanzia mwaka 1952 hadi 1958, alikuta pia matofali ya vizazi vya baadaye, marefu, ambayo fundi ameyakandamiza kwa dole gumba kushoto na kulia, mfano wa mifupa ya samaki. Vishimo hivyo vilisaidia tope la kujengea lishike. Mara ya kwanza nilipoona picha ya tofali mojawapo niliweka dole gumba langu juu ya ukurasa, nikakaa kimya kitambo.

Sasa fikiri, mwanangu, kitu gani kilikuwa kipya. Nyumba ya kukandika inataka miti kwanza, udongo unakuja kuziba tu. Ukiinua ukuta wa udongo mtupu, ukiwa bado mbichi unabonyea kwa uzito wake, kwa hiyo kila tabaka ulisubiri likauke. Tofali linakauka huko chini, pembeni, na wenzake mia, halafu ndipo linapanda ukutani. Watu wale waligundua namna ya kukausha ukuta kabla ya kuujenga. Mimi naliheshimu jambo hili kuliko minara mingi.

Na mabua yanayochanganywa na udongo je? Udongo mtupu ukikauka husinyaa na kupasuka, mabua huushikilia. Mabua ya kutosha anayo mtu anayevuna nafaka, ndiyo maana tofali na shamba vilikua pamoja. Wamisri walichanganya hivyo hivyo na tope la Nile. Soma tena Kutoka sura ya 5, pale Farao anapowanyima Waisraeli majani na bado anadai hesabu ile ile ya matofali. Wewe umewahi kukanyaga udongo, utaelewa kilio chao.

Kibao cha kufyatulia, ambacho ulidhani ndicho mwanzo wa yote, kilichelewa sana. Matofali ya kibao yameonekana Tell es-Sawwan, kando ya mto Tigris, Iraq ya leo, takriban miaka 8,000 iliyopita. Zaidi ya miaka 2,000 ilikuwa imepita watu wakitumia viganja tu.

Kuhusu kuchoma, jibu ni kuni. Mesopotamia, hiyo hiyo Iraq ya leo, miti ilikuwa adimu na jua halikuwa na bei. Adui wa tofali bichi ni maji, na kule mvua ni chache. Mfalme Ur-Nammu alipojenga hekalu lake la ngazi mjini Uru, karibu mwaka 2100 KK, tumbo lote la jengo lilikuwa matofali mabichi. Ya kuchoma aliyavisha nje tu, yameshikwa kwa lami. Mwambie mwenye kiwanja hivyo: mfalme alikuwa na uwezo wa kuchoma, akachagua mahali pa kuchoma.

Jiko letu nililijenga kwa mtindo huo huo, mabichi ndani, na upande unaopigwa na mvua nikavisha ya kuchoma. Ukija Desemba lete huyo mtu aligonge kwa ngumi yake.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako