Kabla hujarusha picha kundini

Kundi letu la WhatsApp ni la watu tuliomaliza kidato cha nne pamoja Tanga, mwaka 2003. Tuko 94. Mimi ni mmoja wa maadmini watatu, tangu kundi lilipofunguliwa mwaka 2016. Wiki iliyopita mdogo wangu alifungua kundi la wenzake wa chuo, akaniuliza, "Dada, mambo ya picha mnayaendeshaje huko kwenu?" Nilianza kumjibu kwa sauti, nikajikuta nimetuma dakika kumi na moja. Nikaona bora niandike, asome na wenzake.

Kwetu picha zina siku yake, Ijumaa jioni. Aliyeanzisha ni mwenzetu mmoja dereva wa lori. Siku hiyo alikuwa amekwama Tunduma, foleni ya kuvuka kwenda Zambia haisogei, siku ya tatu. Akajipiga picha akiwa amekaa chini ya tela, sufuria ya ugali iko jikoni, tisheti imeloa jasho. Akaandika, "Ndiyo mimi huyu. Ninyi mko wapi?" Saa moja haikupita, picha zikamiminika. Nesi wa Sumbawanga akiwa na sare yake, anajiandaa kuingia zamu ya usiku. Wa Lushoto yuko shambani, magoti yamejaa udongo, kakumbatia kabichi. Aliyeko Maskati kajipiga kwenye kioo cha lifti, kavaa aproni. Tulikuwa hatujaonana miaka 13. Mmoja nilimtambua kwa mwanya wake tu, maana sura yote ilikuwa imebadilika, nikalia peke yangu sebuleni.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia mdogo wangu ni kwamba asiziogope picha. Kundi lisilo na sura za watu hubaki na matangazo ya misiba na michango tu, na watu huliweka kimya. Ila anza na picha za kawaida, za mtu alivyo siku hiyo. Sisi tulikubaliana mapema: picha za studio na za harusi peleka stetasi, Ijumaa tuletee ulivyo. Ndiyo sababu hata wale ambao maisha yamewapiga walithubutu kujitokeza.

Na hapo ndipo tulipokosea vibaya.

Mwaka 2019 mwenzetu mmoja, aliyekuwa kimya karibu mwaka mzima, alirusha picha yake. Amepungua sana, kichwani hana nywele, kajifunga kitenge cha bluu, anatabasamu. Hakuandika neno. Alikuwa katikati ya matibabu ya saratani na wengi wetu hatukujua. Wa kwanza kujibu akaandika, "He! Shoga umekwisha, nini tena?" Wa pili akaweka vikatuni vya mshangao. Wa tatu akauliza kama ni lile gonjwa. Majibu hayo matatu yalikuja ndani ya dakika nne, mimi nikiwa nakaanga samaki. Nilipoishika simu nikakuta maandishi ya kijivu kwamba ametoka kundini.

Nilimpigia usiku ule. Hakupokea. Alipokea siku ya tatu, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Nilikaa na ile picha wiki mbili kabla ya kuituma." Wiki mbili anajipa moyo, sisi tukamvunja kwa dakika nne.

Ukiwa admini, lishike hili kuliko yote nitakayosema: linda maneno yanayoandikwa chini ya picha za watu. Mwili wa mtu si mada. Kupungua, kunenepa, mvi, mkorogo, mimba inayoonekana au isiyoonekana, yote hayo mwenyewe akitaka atayasema. Kwetu siku hizi anayetoa neno la namna hiyo, admini yeyote anaufuta ujumbe wake papo hapo, kisha anamfuata pembeni na kumweleza kwa upole. Usimkemee mbele ya watu. Aliyeandika "umekwisha" hakuwa mtu mbaya, ndivyo tunavyosalimiana mtaani kwetu tangu utotoni. Alipoelezwa alilia, akasafiri kwenda kumwona mgonjwa.

Pigo la pili lilikuwa la fedha. Kiungo cha kujiunga na kundi kilikuwa kimerushwa kwenye kundi jingine, la maandalizi ya harusi, na namba mbili tusizozijua zikaingia. Hatukujali, tukadhani ni watu waliobadilisha laini. Baada ya wiki kadhaa baadhi yetu tukapata ujumbe kutoka namba mpya yenye picha ya yule mwenzetu wa Maskati, ileile ya kwenye lifti: mama amelazwa, huku nimekwama, naomba nitumie laki na nusu kwa namba hii nitarudisha mwisho wa mwezi. Mmoja wetu akatuma. Mimi nilishtuka kwa sababu moja tu. Ujumbe uliniita "dada yangu", na yule mwenzetu hajawahi kuniita hivyo maishani, huniita kwa jina la utani la bwenini.

Tangu hapo milango tumeifunga. Kwenye mipangilio ya kundi kuna sehemu ya kuidhinisha wanaoomba kujiunga, iwashe. Kiungo kikishavuja, kibatilishe utengeneze kipya. Namba usiyoitambua iulizwe swali ambalo mwanafunzi mwenzenu pekee ndiye atakayelijibu. Sisi huuliza jina la mpishi wa shule. Na ukiombwa hela na picha ya mtu unayempenda, piga kwanza namba yake ya zamani usikie sauti. Kama umeshatuma, usione haya, pigia mtandao wako huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, kabla fedha haijatolewa. Kwa Tanzania, ujumbe wa utapeli unautuma kwenda 15040, ukifuatiwa na namba ya tapeli.

Kuna na mambo madogo ambayo jicho huyapita. Mwenzetu alifurahia kitambulisho chake kipya cha taifa, cha NIDA, akajipiga nacho, namba yote inasomeka. Mwingine alijipiga mlangoni kwake, akaaga kwamba familia nzima inaenda Moshi wiki mbili. Kabla ya kurusha, iangalie picha pembeni na nyuma yako, ukate kisichohusika. Na ukituma kama picha, WhatsApp huibana na kuondoa taarifa za mahali ilipopigwa. Ukiituma kama dokumenti ili ubora usipotee, inaondoka na taarifa zake zote, pamoja na lokesheni kama kamera yako huihifadhi.

Watoto nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito. Usirushe mtoto akiwa na sare yenye jina la shule, na mtoto wa mwenzio usimrushe kabisa bila ruhusa ya mzazi. Kenya mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata kusingekuwa na sheria, picha ni ya aliyemo, si ya aliyeshika simu. Kuomba ruhusa ni sentensi moja: "Hii naweza kuiweka kundini?" Na picha iliyorushwa kundini kwetu haitoki kwenda kundi jingine, wala stetasi, mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Mwanzoni watu walinuna, wakasema tunajifanya wazungu. Leo wanaulizana wenyewe bila kukumbushwa.

Yule mwenzetu alirudi baada ya miezi mitano. Hakurudi kwa kubembelezwa na wengi. Nilikuwa nampigia kila Jumapili, tunaongea ya nyumbani tu, ya mvua na bei ya mchele. Ijumaa moja akaniuliza, "Nikiweka mikono tu, inakubalika?" Nikamwambia inakubalika.

Akarusha picha ya mikono yake miwili juu ya ungo, anapukuchua kunde mbichi, kucha amezipaka hina. Nilishika simu yangu tayari kumfuata pembeni yeyote atakayekosea. Wa kwanza kujibu alikuwa yuleyule aliyeandika "umekwisha". Aliandika: "Hizo kunde unazitia nazi, au nije na samli yangu?"