Nilienda San Juan mwezi wa tisa, na mwaka huu narudi mwezi huohuo

Mmeuliza wiki hii kama kuna msomaji aliyewahi kutembelea mji kwenye msimu ambao kila mtu alimkataza, na kama alijuta. Mi nilienda San Juan, Puerto Rico, Septemba ya mwaka juzi, katikati kabisa ya msimu wa mvua na vimbunga, na sijajuta hata kidogo, ila kuna mambo lazima niyaseme vizuri maana sitaki mtu asome hapa akakate tiketi kesho bila kufikiri.

Naishi Columbus, Ohio, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Likizo zetu wanaanza kuchagua waliotangulia kuajiriwa, Krismasi wakachukua wao, mi nikabakiwa na mwezi wa tisa. Na nilikuwa na hamu ya bahari jamani, mi mtoto wa Tanga na nilikuwa nina miaka mitatu sijasikia harufu ya chumvi. Puerto Rico iko chini ya Marekani kwa hiyo ukitokea huku ni ndege ya ndani tu, hakuna viza nyingine wala foleni ya uhamiaji, na nauli niliyoipata haikufika nusu ya ile niliyoiona ya Januari. Kazini wote wakaniambia usiende, utafungiwa ndani na mvua wiki nzima, na kimbunga kikija je?

Mvua kwanza. Siyo ile ya masika ya kwetu inayoshika tangu alfajiri mpaka unasahau jua likoje. Kule kunakucha kweupe, jua kali, joto kama Dar mwezi wa pili, unatokwa jasho umesimama tu, halafu mchana saa nane saa tisa hivi mawingu yanajikusanya, inamwagika kwa nguvu nusu saa au saa nzima, inakata ghafla kama mtu kafunga bomba, jua linarudi na barabara zinafuka mvuke. Siku moja tu kati ya nane ndo ilinyesha kutwa. Kwa hiyo nikazoea kutoka asubuhi mapema, na mchana nakuwa mahali penye paa.

Mji wa zamani, Viejo San Juan wenyewe wanavyouita, ulianzishwa na Wahispania mwaka 1521 na uko kwenye kisiwa kidogo kilichounganishwa kwa madaraja. Kuna ngome mbili kubwa, El Morro iliyoanza kujengwa 1539 kulinda mlango wa bandari, na San Cristóbal upande wa nchi kavu, unalipa dola 10 na tiketi hiyohiyo inakuingiza zote mbili ndani ya saa 24. Desemba mpaka Aprili ndo msimu wao, meli za watalii zinashusha maelfu ya watu kwa siku moja na vichochoro vinajaa. Mi nilisimama peke yangu kwenye kale kakibanda ka mlinzi pale ukutani El Morro, mawimbi yanapiga chini, upepo unaingia kwenye kitundu, nikakaa humo karibu robo saa na hakuna mtu aliyeniambia sogea nipige picha. Nililia kidogo kwakweli, kwa ile harufu.

San Cristóbal mvua ilinikuta katikati ya uwanja. Nikakimbilia chini ya matao, na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho siku ya jua nisingekielewa. Kale kakisiwa hakana mto, watu na askari waliishi kwa maji ya mvua, na chini ya ule uwanja kuna birika tano kubwa mno za kuhifadhia maji, unaweza kushuka kuangalia moja. Sasa ukiwa umesimama pale unatazama maji yanavyokusanyika yanatafuta njia ya kuteremka, unaona kabisa kwamba mvua ndo ilikuwa uhai wa ngome yenyewe. Mitaani vilevile. Barabara zimetandikwa matofali wanayaita adoquines, yalitengenezwa Ulaya kwa masalia ya tanuri za chuma na yakaletwa kwa meli karne ya 19. Yakiwa makavu yana rangi ya kijivu tu, ukipita huna habari nayo, yakilowa yanatoa bluu, bluu kweli, kama mgongo wa samaki aliyetoka kuvuliwa sasa hivi. Vaa tu raba zenye meno maana yanateleza.

Lakini kilichonifanya niandike ni Doña mmoja. Doña ni heshima, kama sisi tunavyosema Bi fulani. Mvua ilinikuta mtaa wa nyumba za kawaida mbali kidogo na maduka ya watalii, nikajibana chini ya roshani, mlango ukafunguliwa, mama mtu mzima akaniashiria niingie. Kihispania changu ni cha kuokoteza kazini na Kiingereza chake kidogo, tukaelewana. Alikuwa anapika arroz con gandules, wali unaopikwa pamoja na gandules kwenye sufuria moja, nikachungulia, kumbe gandules ni mbaazi! Mbaazi zilezile, nikatoa macho. Watu wengi wanasema zilifika kule kwa njia ya Afrika, enzi za meli za watumwa, na mi nilivyoziona kwenye sufuria ya mtu nisiyemjua upande wa pili wa dunia mwili ulinisisimka. Pembeni alikuwa na kinu kidogo cha mti na mchi wake, wanakiita pilón, ndo wanatwangia ndizi mbichi za kukaanga na vitunguu saumu wanapata mofongo. Nikamwambia kwetu mbaazi tunaziunga kwa nazi tunakula na mahamri asubuhi, akanirudishia mara mbili kuhakikisha, asubuhi? na nazi?

Wakati anatafuta sahani alifungua kabati la chini nikaona galoni za maji zimepangwa, betri, mishumaa, makopo ya mbaazi na dagaa, jiko dogo la gesi, na redio ya kuzungusha kwa mkono. Nikauliza. Akasema tu María. Kimbunga María kilipiga kisiwa tarehe 20 Septemba 2017, umeme ulikatika kisiwa kizima na baadhi ya sehemu zilikaa karibu mwaka bila kurudishiwa, na idadi ya vifo ambayo serikali ilikuja kuikubali ni 2,975. Yeye alikaa miezi minne gizani, alikuwa anamwekea dada yake insulini kwenye kiboksi cha barafu, na barafu yenyewe anapanga foleni tangu alfajiri. Miaka mitano baadaye, Septemba 2022, akaja Fiona, umeme ukakatika tena kisiwa kizima. Hilo kabati analijaza kila mwezi wa sita, na haligusi mpaka Desemba. Mi natunza wazee kila siku, najua maana ya mtu kukosa umeme na dawa ziko kwenye friji, sikuweza kumeza kwa muda.

Kwa hiyo anayetaka kwenda miezi hiyo anisikilize hapa. Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na kilele chake ni Septemba mwanzoni. Kata tiketi na chumba ambavyo unaweza kughairi ukarudishiwa hela, na bima uinunue mapema, ukisubiri mpaka kimbunga kimeshapewa jina kimbunga hicho hakitakuwemo. Kituo cha vimbunga cha Marekani kule Miami kinatoa utabiri wa siku saba mbele, mi nilikuwa naangalia asubuhi na jioni. Na kikionekana kinaelekea huko, usiende, hata kama hela haitarudi yote. Utakwenda kunywa maji ya watu na kulalia vitanda ambavyo wenyeji watavihitaji. Mtu mwenye watoto au mgonjwa mi ningemwambia aende Juni badala ya Septemba. Au kuna Curaçao na Aruba kusini kabisa karibu na Venezuela, huko vimbunga ni nadra. Na hapo Puerto Rico, ukipanda msitu wa milimani wa El Yunque, mto ukianza kubadilika rangi na kuleta majani toka mara moja, maji yanashuka ghafla kutoka juu hata kama ulipo wewe hakunyeshi, wenyeji wanaita golpe de agua.

Lakini kama hali ya hewa imetulia, nenda. Miezi hiyo mikahawa mingi iko tupu, wahudumu wamekaa wanaangalia mlango, na hela yako inamfikia mtu anayeihitaji kweli. Na usiku baada ya mvua kuna coquí, chura mdogo hafiki hata urefu wa kidole, analia ko-ki ko-ki mpaka mtaa mzima unajaa sauti. Nilirekodi nikamtumia mama Tanga, akaniuliza ni ndege gani huyo.

Mwaka huu nimeomba mwenyewe likizo ya mwezi wa tisa, hakuna aliyegombania. Doña tunaandikiana, ameshaniuliza mara ngapi ile mbaazi ya nazi inaanza na nini. Kuna ndugu yetu anakuja huku mwezi wa nane, mama amempa mbuzi ya nazi aniletee, ile ya mti ya kukalia, na nitaibeba hivyohivyo mpaka San Juan.