Fundi Anajibu: Kinacholia Chini ya Shokapu

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina Honda XR250, ile yenye shokapu moja ya katikati. Kila siku ya skuli napita njia ya msitu wa Ngezi kwenda kusomesha Makangale, na mara nyengine nateremka pwani ya Tumbe kuchukua samaki. Tangu masika yaishe, nyuma inalia kila nikipita shimo, tena imekuwa ngumu, inanipiga mgongo. Kijana mmoja wa gereji kanambia shokapu imekufa, ninunue nyengine. Mwengine kaimwagia oili chafu, ikanyamaza siku mbili kisha ikaanza tena. Nifanye nini?
Mwalimu, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam mwalimu. Pesa yako ya shokapu iweke kwanza. Shokapu ikifa kwa kawaida huwa laini: ukipita shimo pikipiki inadunda, haitulii, na mara nyingi utaona mafuta yamevuja kwenye fimbo yake. Yako ni ngumu na inalia. Mimi hapo natazama viungo vya chini yake kabla ya kitu chengine chochote.

Inama uchungulie mbele ya tairi la nyuma. Utaona shokapu haikukaa peke yake: chini kwake pana kipande cha chuma na mkono mfupi, vinavyoiunganisha na fremu na mkono mkubwa wa nyuma unaobeba gurudumu. Honda wanauita mpango huo Pro-Link, na wameanza nao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kawasaki wana Uni-Trak, Suzuki walikuja na Full Floater. Faida yake ni kwamba gurudumu likipanda kidogo shokapu hubonyea kwa wepesi, likipanda sana hukaza. Kwenye kila maungio pana beringi za sindano, yaani zenye vijiti vyembamba vya chuma, na ndani ya beringi pana bushi, kibomba kifupi cha chuma kinachopitiwa na bolti.

Beringi ya gurudumu huzunguka, kwa hiyo grisi yake inatembea nayo. Hizi za viungo hazizunguki. Zinakwenda na kurudi kidogo tu, kama bawaba ya mlango, sindano zile zile zikisaga pahala pale pale. Grisi ikishasukumwa pembeni hairudi. Na vyote hivyo vimekaa chini kabisa, panaporushwa tope la Ngezi na mchanga wa chumvi wa Tumbe. Maji yakishapita sili, ule mpira wa pembeni unaozuia maji na vumbi, kutu inaanza ndani, wewe juu huoni kitu.

Sasa hili la oili chafu, jamani, tuliache. Linaniuma kwa sababu naliona kila gereji. Haifiki kwenye sindano. Inalowesha sili kwa nje, kelele inapungua, mtu anaridhika. Baadaye inakamata mchanga, na mchanga ule unakula midomo ya sili, na sili ikilika maji yanaingia kwa raha zao. Pampu ya kuoshea magari nayo ni adui: ukiielekeza pale kwa karibu, unayasukuma maji ndani kwa nguvu.

Kwanza pima. Inua pikipiki kwa kuweka gogo chini ya fremu, gurudumu la nyuma lining'inie. Usiegemeze kwenye mkono wa nyuma wala kwenye viungo. Shika tairi ulipandishe taratibu kwa vidole. Ukisikia tak kabla shokapu haijaanza kubonyea, pana uwazi kwenye viungo, au kwenye bolti za shokapu yenyewe. Kisha tikisa kushoto na kulia: kukicheza, tazama beringi za gurudumu na za mkono wa nyuma.

Halafu fungua. Bolti zikigoma, zitie mafuta ya kulegeza kutu uzilaze nazo usiku mzima. Usigonge ncha ya bolti kwa nyundo tupu, utaharibu nyuzi. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, weka kipande cha shaba, ndipo ugonge. Ukichomoa bushi, kinga sinia chini, kwa sababu kwenye beringi nyengine sindano zimeshikwa na grisi tu. Ikikauka zinamwagika, na ikipotea moja hiyo beringi haifai tena.

Utakachokikuta pengine ni tope la kahawia, limeganda pembeni. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha vizuri, kisha ipeleke bushi kwenye mwangaza wa jua. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza, una bahati. Ukikwama kwenye mistari, sindano zimeshachimba chuma: badilisha bushi na beringi yake pamoja, usiweke kipya juu ya kibovu. Sili zilizokakamaa zibadilishe pia.

Grisi nitakayokutuma dukani ni ya kustahimili maji, namba 2, ile wanayotia watu wa maboti. Vitabu vingi vya watengenezaji vinataka yenye molibdenamu kwenye viungo hivi. Ukiwa na kitabu cha pikipiki yako, kifuate. Usichanganye mpya na ya zamani, kuna grisi zikikutana zinayeyuka. Ijaze kwa kidole baina ya kila sindano mpaka ijae kweli, paka bushi na midomo ya sili, paka mwili wa bolti kidogo, lakini nyuzi ziache safi. Kaza kwa vipimo vya kitabu, kisha baada ya safari ya kwanza zikague tena nati zote.

Kwa njia yako, ningefungua mara mbili kwa mwaka: kaskazi inapoishia, kabla ya mvua, na tena masika yakimaliza. Anayekaa Wete mjini, hafiki pwani, mara moja inamtosha.

SWALI: Fundi, mimi naendesha Boxer ya abiria hapa Makunduchi, ina shokapu mbili za pembeni. Haya mambo ya viungo yananihusu?
Dereva wa bodaboda, Unguja

JIBU: Viungo huna, ndugu yangu, lakini una bolti ndefu inayoshika mkono wa nyuma kwenye fremu, na ukiisahau inashikana kwa kutu mpaka ikatwe kwa msumeno. Ichomoe mara moja kwa mwaka, isugue, ipake grisi. Tazama bushi zake kwanza: za chuma zitie grisi, za mpira usizitie, maana grisi ya kawaida inauvimbisha mpira. Na siku ukihisi nyuma inayumba kwenye kona na abiria yuko juu, usingoje mwaka utimie, ifungue siku hiyo hiyo.