Ndugu amerudia unga: si ukaidi tu

Dada, pole sana. Unauliza kwa nini ndugu yako alikaa Ramadhani nzima bila unga, yaani heroini, kisha akauza simu ya mama. Je, ni ukaidi? Mimi sioni hivyo.

Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka mofini na kumwaga dopamini, kemikali ya ubongo inayomfanya mtu atake tena. Ikirudiwa kila siku, ubongo hujirekebisha: vipokezi vyake, yaani sehemu zinazopokea unga, vinaitika kwa uzito, kete moja haitoshi tena. Wakati huohuo sehemu zinazouamsha mwili huongeza nguvu kupambana na usingizi wa unga. Unga ukikatika, nguvu hiyo hubaki bila mpinzani, na ndiyo arosto: kamasi, jasho, vinyweleo kusimama, kuhara, kukesha. Hapo hatafuti raha, anatafuta nafuu.

Arosto kali huisha baada ya wiki hivi. Kumbukumbu haiishi. Akipita tu maskani ya zamani tamaa huwaka, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo, imeshadhoofika.

Ninaloliogopa zaidi ni hili: mwili wake umeshapoteza uzoefu wa kuhimili unga, kwa hiyo kipimo chake cha zamani kinaweza kumkata pumzi. Msimfukuze akajifungie chooni peke yake. Mkimkuta hazinduki na midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, semeni wazi ametumia unga ili apewe naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya unga mwilini.

Kisha mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga; Kisauni, Mombasa, ipo. Huzuia arosto bila kumlevya akipewa kipimo sahihi. Mama asimharakishe kuiacha, hata ikichukua miaka.