Uchaguzi umekwisha, vikwazo je?

SWALI: Nataka kuagiza mbao kutoka nchi iliyokuwa vitani. Mkataba wa amani umetiwa saini, uchaguzi umefanyika na waangalizi wameusifu. Muuzaji wangu anasema vikwazo vimekwisha, ila akaunti yake benki bado imezuiwa, na kuna mshauri anayedai atamfungulia kwa ada. Naombwa nichangie ada hiyo pamoja na malipo ya awali ya mbao. Nilipe?

JIBU: Usilipe, si mbao wala ada.

Maswali ya namna hii yananijia kila nchi inapotangaza rais mpya baada ya vita, na kosa ni lile lile: watu wanadhani kura ndiyo inayoondoa vikwazo. Mwangalizi wa uchaguzi hana mamlaka hayo. Rais aliyeapishwa hana pia. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa huondoka kwa azimio la Baraza la Usalama, au muda ulioandikwa ndani ya azimio ukiisha bila kuongezwa. Basi.

Tazama Liberia, maana na wao suala lao lilikuwa mbao. Mkataba wa amani ulisainiwa Accra Agosti 2003. Desemba mwaka huo huo, vita ikiwa imeshakwisha, Baraza likapitisha azimio 1521 lililogusa silaha, almasi, mbao na safari za watu waliotajwa. Ellen Johnson Sirleaf akashinda duru ya pili ya uchaguzi Novemba 2005, na mwezi uliofuata Baraza likaviongezea muda vikwazo vyote hivyo. Si kwamba kura zilitiliwa shaka. Fedha za magogo ndizo zilizokuwa zimelisha vita, na serikali ilikuwa bado haijashika usukani wa misitu yake. Februari 2006 rais mpya akafuta vibali vyote vya uvunaji, na Juni Baraza halikuongeza tena marufuku ya mbao. Almasi zikangoja hadi Aprili 2007. Kuzuiwa kwa mali na safari kukakoma Septemba 2015, na vikwazo vya silaha Mei 2016. Mfanyabiashara aliyeagiza magogo Januari 2006 kwa kuwa ameona rais akiapishwa, alinunua bidhaa iliyopigwa marufuku.

Wajuaji kidogo hunitajia Bosnia, kwamba huko uchaguzi wenyewe ndio uliofuta vikwazo. Ni kweli kwamba azimio 1022 la Novemba 1995 lilisema vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Yugoslavia (Serbia na Montenegro), vilivyowekwa kwa sababu ya vita vya Bosnia, vitaondolewa siku ya kumi baada ya uchaguzi huru na wa haki huko Bosnia. Lakini wasome lote. Lilianza kwa kuvisimamisha tu, na kusimamishwa huko kungekoma siku ya tano tangu Baraza kupokea taarifa ya Mwakilishi Mkuu, yaani msimamizi wa kimataifa wa utekelezaji wa amani, au kamanda wa kikosi cha kimataifa kwamba mkataba wa amani wa Bosnia unavunjwa kwa kiasi kikubwa, isipokuwa Baraza liamue vingine. Majeshi ya Waserbia wa Bosnia nayo yalitakiwa yawe yameondoka kwenye maeneo ya kutenganisha pande. Uchaguzi ulifanyika 14 Septemba 1996, na Baraza likavifuta rasmi 1 Oktoba kwa azimio 1074. Mali zilizokuwa na madai juu yake zikabaki zimezuiwa. Marekani nayo ikaendelea kuizuia Yugoslavia isiingie Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kufikia Machi 1998, kwa sababu ya mgogoro wa Kosovo, vikwazo vya silaha vilikuwa vimerudi.

Sasa hiyo akaunti. Ama benki inajihadhari tu, ama jina la muuzaji wako, au la mmiliki halisi wa kampuni yake, limo kwenye orodha ya waliowekewa vikwazo. Kama limo, hata marufuku ya mbao ikiisha kesho, yeye bado halipwi. Wala usitazame orodha ya Umoja wa Mataifa peke yake: Umoja wa Ulaya una yake, Wizara ya Fedha ya Marekani ina yake, na malipo ya dola kwa kawaida hupitia benki za Marekani hata kama ninyi wawili hamjawahi kukanyaga huko.

Hawa washauri wa kufungua akaunti wananichosha. Huja na barua yenye nembo, mihuri na saini tatu, na kila mwezi kuna ada mpya ya "kusukuma faili". Hakuna faili la kusukuma. Tangu azimio 1730 la Desemba 2006, aliyeorodheshwa na Umoja wa Mataifa anaweza kupeleka ombi mwenyewe kwa ofisi maalumu ndani ya Sekretarieti, bila malipo, au kupitia nchi yake. Inayoamua ni kamati ya vikwazo ya Baraza, na kamati haiuzi tarehe. Orodha za Ulaya na Marekani zina njia zake, nazo zimeandikwa wazi.

Mtake mshauri huyo namba ya azimio na aya inayoruhusu fedha hizo kuachiliwa. Akikurushia picha ya barua, achana naye. Ukimlipa kwa niaba ya mtu aliye orodhani, unaweza kuhesabiwa kuwa umempatia mtu huyo fedha, na kesi hiyo itakuwa yako, siyo ya muuzaji.