Shule ya kanisa imepata kibali, mbona walimu hawalipwi na serikali?

Mama, umeandika kwamba jumuiya yenu huko Annexe ilijenga madarasa sita, arete (amri ya waziri inayoitambua shule) ikatoka, mchungaji akatangaza ibadani kwamba sasa walimu ni wa serikali. Tangu hapo hakuna hata mmoja aliyeona franka, na wazazi wanauliza kama waanze kutoa minervali (ada ya shule) tena. Hili linasumbua makanisa mengi hapa Lubumbashi, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: watu wanadhani arete ndiyo mshahara. Sivyo. Arete inaifanya shule itambulike. Mshahara unafuata jina la mtu kwenye listi ya malipo, na hiyo ni safari nyingine kabisa, yenye biro nyingine na karatasi nyingine.

Kwanza mjue mko wapi kisheria. Mwishoni mwa 1974 serikali ilizichukua shule zote za makanisa. Mzigo ukaishinda, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu walikuja baadaye. Ndiyo maana shule zenu zinaitwa "conventionnées", yaani za mkataba. Mkataba unasema hivi kwa ufupi: serikali inatoa programu, mitihani, ukaguzi na mishahara, kanisa linasimamia shule kila siku, linapendekeza direkta (mkuu wa shule) na walimu, linafundisha dini yake. Kwa hiyo shule yenu si ya binafsi. Ni shule ya umma inayosimamiwa na kanisa, na wajibu wa shule za umma unaihusu, ukiwemo elimu ya msingi ya bure ambayo Katiba ya 2006 iliiandika katika kifungu cha 43 na ambayo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Mtoto wa jirani asiye wa kanisa lenu hamwezi kumkataa kwa sababu ya imani yake.

Sasa karatasi. Baada ya arete, kordinasio ya kanisa lenu, yaani biro inayosimamia shule za kanisa (siyo parokia, siyo mchungaji), inapeleka dosie (faili) ya shule kwenye Sous-division, biro ya elimu ya serikali ya eneo lenu, na DINACOPE, huduma ya serikali inayotayarisha malipo ya walimu, ambayo wazee bado wanaiita SECOPE, inaipa shule namba yake. Bila namba hiyo, shule haipo machoni pa malipo hata kama ina watoto mia tatu uani. Kisha kila mwalimu anatengenezewa dosie yake: nakala ya diploma, kitambulisho, barua ya kumpanga kazi iliyotiwa sahihi na kordinasio, na hati ya kuanza kazi yenye tarehe, sahihi ya direkta na muhuri wa shule. Hapo ndipo anaombewa matrikule, namba yake ya mtumishi. Mwalimu mwenye matrikule naye anasubiri mpaka bajeti imfungulie nafasi. Walimu wapya wanaosubiri kulipwa ndio wanaoitwa N.U., "nouvelles unités", na kusubiri huko kunaweza kuwa kwa miaka. Waambieni walimu wenu ukweli huo siku ya kuwaajiri, msiwaahidi mwezi ujao.

Makosa yanayokwamisha dosie ni madogo mno, na yanaumiza. La kwanza ni jina. Diploma inasema Ilunga Kabwe Jeanne, kadi ya mpiga kura inasema Kabwe Ilunga Jeanne, benki inaandika Ilunga Jeanne peke yake. Kwa mtu ni mmoja, kwa listi ni watatu, na pesa inarudi ilikotoka. Kaeni na kila mwalimu, wekeni karatasi zote juu ya meza, msome herufi kwa herufi kabla dosie haijaondoka. Likipatikana kosa, lirekebishwe kwenye kitambulisho, msiguse diploma.

La pili: diploma isiyolingana. Darasa la shule ya msingi linataka mwenye diploma ya serikali ya upande wa ualimu, tuseme D6 pédagogie, ya miaka sita ya sekondari. Kijana mwenye diploma ya biashara anaweza kufundisha vizuri sana, lakini dosie yake itapata vikwazo.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Mchungaji anagombana na mwalimu, anamwondoa, anaweka mtu mwingine darasani bila barua ya kordinasio. Listi inabaki na aliyeondoka. Mshahara unatoka kwa jina lake, aliyeko darasani hapati kitu, na siku ya kontrole (ukaguzi) mnaonekana mna mwalimu hewa. Badiliko lolote la mtu, hata kifo, liandikwe na kupelekwa juu mwezi huohuo.

Kuhusu minervali: shule ya msingi msitoze. Kanisa linaweza kuchanga sadaka ya kuwashika mkono walimu wanaosubiri, na hilo ni jema sana, lakini mchango utoke kwa waumini na uandikwe kwenye kaye (daftari) ya kanisa. Usiunganishwe na mtoto, wala asifukuzwe yeyote kwa sababu mzazi hakutoa. Sekondari ni habari nyingine, huko ada bado zipo.

Pesa ya uendeshaji ambayo serikali inaitumia shule ikifika, ni ya chaki, karatasi, kufuli la mlango, kioo kilichovunjika. Si ya paa la kanisa, wala ya kupokea mgeni wa kordinasio. Direkta awe na kitabu cha kasha chenye safu sita: tarehe, namba ya risiti, sababu, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Kamati ya wazazi ikione kila mwisho wa mwezi na kutia sahihi. Mkaguzi akija, kitabu hicho ndicho kitamtetea direkta.

Umegusa pia kituo cha afya ambacho parokia inataka kufungua karibu na shule. Kabla ya tofali la kwanza, nendeni kwa médecin chef, daktari mkuu wa zone de santé (eneo la afya) yenu, muulize kama eneo hilo tayari lina kituo kilichopangwa. Kama kipo, chenu hakitaingia kwenye mpango wa zone, na msitegemee dawa wala mtumishi wa serikali.

Kwa sasa direkta wenu aende kordinasio aulize mambo mawili: namba ya DINACOPE ya shule, na nakala ya barua iliyopeleka majina, yenye muhuri wa kupokelewa. Kama muhuri huo haupo, dosie bado iko kwenye droo ya mtu, na mtaanzia hapo.