Ukipasuliwa moyo utotoni, kliniki haijaisha

Nilizaliwa na tundu kwenye moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni ikiwa imebana. Nikapasuliwa nikiwa mtoto. Nyumbani Ujiji wakasema nimepona, na kweli mpira nilicheza. Ila upasuaji wa aina hii mara nyingi huiacha vali ya mapafu, yaani mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mapafuni, ikivuja. Miaka inavyokwenda, upande wa kulia wa moyo unatanuka, mwisho unaelemewa. Ndiyo maana tunatakiwa kuonwa na daktari wa moyo maisha yote, hata ukijiona mzima.

Shida yetu ni kwamba kuchoka tumekuzoea tangu wadogo. Ukiulizwa pumzi ikoje, unajibu "kawaida tu", maana kawaida nyingine huijui. Tafuta kipimo kisichodanganyika. Changu ni mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga: nikianza kusimama mahali nilipokuwa napita bila kupumzika, naenda hospitali ya Maweni, sisubiri tarehe ya kliniki.

Cha pili ni mizani. Panda kila asubuhi ukishatoka msalani, kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, huko si kunenepa, ni maji. Bonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu. Kishimo kikibaki, wahi hospitali. Usingoje kukosa pumzi, kwa sababu moyo wa kulia ukichoka, miguu na tumbo ndivyo vinavyojaa.

Chumvi sasa, na mkoa wetu wa Kigoma ndio wenye chumvi ya Uvinza! Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tena ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakti. Migebuka ya chumvi nimeiacha. Dagaa nakula, ila namuuliza muuzaji kwanza kama wametiwa chumvi. Bibi alilalamika, "Mjukuu wangu, mboga gani hii, ya wodini?" Limao, tangawizi na pilipili vikamnyamazisha.

Vidonge vya kutoa maji usiviache kwa kuwa uvimbe umekwisha. Mgongo ukiuma, usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani. Zinafanya maji yabaki mwilini na kuumiza figo. Kina dada, ongeeni na daktari kabla ya kushika mimba, maana baadhi ya dawa hizi humdhuru mtoto.

Karatasi za upasuaji zipige picha, ziwe kwenye simu yako na ya ndugu mmoja. Ukipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, swali la kwanza litakuwa ulifanyiwa nini.